Evo au STI kwa mtu wa Dodoma? Tulitazama kila moja linavyoharibika

Alikuja gereji Kizota jioni moja ya mwezi wa saba, upepo ukiwa umeshaanza kubeba lile vumbi jekundu linaloingia hadi kwenye sahani ya chakula. Mkononi alikuwa na simu yenye picha mbili. Ya kwanza ilikuwa Mitsubishi Lancer Evolution X nyekundu ya 2008, iko Dar es Salaam. Ya pili Subaru Impreza WRX STI ya 2006, bluu, iko hapa hapa mjini, Area D. "Kaka, hela ninayo ya moja tu," akasema. "Nichagulie."

Sikumjibu siku ile. Nimemhudumia kijana huyu tangu ananunua Toyota IST yake ya kwanza, na najua akiambiwa jina la gari atakwenda kulipa kesho yake asubuhi. Nilimtaka kwanza anieleze hilo gari litatembea wapi, Jumatatu hadi Jumapili. Ameniruhusu niandike kisa chake bila kumtaja, kwa sababu mwaka huu si yeye peke yake aliyeniuliza swali hili.

Anakaa Nzuguni, ofisi yake iko Mtumba kwenye Mji wa Serikali. Ana watoto wawili wa shule. Mama yake yuko Kondoa, anamtembelea kila mwezi, na kutoka lami hadi nyumbani kwa mama kuna kipande cha kifusi chenye mawe. Hayo ni ya mtaani. Upande wa mbio, yeye na wenzake hukodi kiwanja cha vumbi nje ya mji na kukimbiza magari kwa kupangiwa saa, gari moja moja. Na mara mbili kwa mwaka anataka kuvuka Namanga kwenda kukimbia kwenye lami nchini Kenya, maana sisi Tanzania hatuna saketi ya lami ya kudumu ya kiwango cha kimataifa. Bajeti yake ni milioni 40, na matengenezo ya mwanzo humo humo.

Hiyo safari ya Kenya ndiyo iliyobadilisha swali. Kwenye nchi zenye viwanja vya mbio, gari likifia uwanjani linapakiwa kwenye trela na mwenye gari anarudi nyumbani kwa gari jingine. Huyu wa kwetu anakwenda kwa magurudumu yale yale atakayorudi nayo. Dodoma, Kondoa, Babati, Arusha, Namanga, Nairobi: ni karibu kilomita 700 kwenda, na kurudi vivyo hivyo, na Jumatatu asubuhi anatakiwa mezani kwake. Nani mwenye kasi zaidi kati ya Evo na STI, watu wamebishana miaka 30. Mimi nilitaka kujua jambo jingine: hili likiharibika, linaharibikaje? Linakuonya, au linakata ghafla? Likishakuonya linakufikisha nyumbani? Na fundi wa Babati akifunua boneti, kuna kitu anaweza kukishika?

Wazo la kuagiza Japani tulilimaliza haraka. Magari haya yote yamepita miaka 10, na gari la umri huo linapigwa ushuru wa uchakavu wa asilimia 30, juu ya ushuru wa forodha wa asilimia 25, ushuru wa bidhaa kwa ukubwa wa injini, na VAT ya asilimia 18 inayokuja mwisho kupigia hesabu juu ya yote. Jambo moja dogo la kukumbuka kwa atakayeagiza: STI ya soko la Japani ina injini ya lita 2.0, cc 1,994, na Evo X ina 1,998, hivyo zote zinabaki kwenye ngazi ya asilimia 5 ya huo ushuru wa bidhaa. STI iliyotengenezwa kwa masoko ya nje ina lita 2.5 na inaruka kwenda asilimia 10. Ni gari la sura ile ile, kodi tofauti, na kama nitakavyoeleza, injini yenye udhaifu wake.

Niseme pia moyo wangu uko wapi, ili msomaji anipime vizuri. Mimi ni mtu wa Mitsubishi. Nilikua wakati Safari Rally ndiyo mbio tuliyoisikiliza redioni, mbio iliyoanza 1953 ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, na kwangu Tommi Mäkinen alipoishinda 1996 na tena 2001 akiwa na Mitsubishi, ilikuwa kama timu yangu imechukua kombe. Watu wa Subaru nao wana yao: Colin McRae 1997, Richard Burns 2000. Magari haya mawili kwa vijana wetu ni kama Simba na Yanga. Mtu anazaliwa upande, anakufa upande. Na ndiyo hatari yenyewe, maana dalali anaujua ushabiki wako kabla hujafungua mdomo.

Kabla ya hayo mawili lilijitokeza la tatu, nalo nalitaja kwa kifupi kwa sababu linawaumiza wengi. Dalali mmoja alileta "STI" kwa bei iliyopungua milioni 7. Bawa la nyuma lipo, nembo za waridi zipo, tundu la boneti lipo. Nikafungua boneti, nikasoma namba ya chesisi: inaanza na GDA. STI halisi ya Japani ya kizazi kile inaanza na GDB. GDA ni WRX ya kawaida. Ndani gia zilikuwa 5, na pembeni ya hendibreki hakuna lile gurudumu dogo la kurekebishia difu ya kati, ile inayogawa nguvu kati ya magurudumu ya mbele na ya nyuma. Si gari baya, WRX. Ila ile giaboksi ya gia 5 haikuundwa kubeba mateso ya uwanjani, na hata kwa punguzo hilo bei aliyotajiwa bado ilikuwa ya STI, si ya WRX. Tukamshukuru dalali, tukaondoka.

Evo tuliifuata Dar kwa SGR, treni ya asubuhi, na kabla ya saa sita mchana tulikuwa Mbezi Beach getini kwa mwenye gari. Mama mmoja mstaarabu, mumewe amehamishiwa nje ya nchi. Gari lilikuwa safi kiasi cha kukutia aibu kuligusa kwa mikono ya gereji. Chesisi CZ4A, sawa. Rangi ya kiwanda mlango hadi mlango. Giaboksi ni ile ya SST, gia 6 zenye klachi mbili zinazojibadilisha zenyewe, bila kanyagio la klachi.

Tulilitoa barabarani Jumapili ile, magari machache. Kwenye kipilefti cha kwanza nilielewa tena kwa nini nimekuwa mtu wa Mitsubishi. Unakata usukani, pua inaingia ndani papo hapo, na unapokanyaga mafuta, badala ya gari kusukumwa nje kama magari mengine ya fowili, mgongo unazunguka na kukufuata. Kazi hiyo inafanywa na mitambo miwili. Mmoja uko kwenye difu ya kati, unaamua mbele na nyuma viachiane kiasi gani. Wa pili, unaoitwa AYC, uko kwenye difu ya nyuma na unapeleka nguvu zaidi kwenye gurudumu la nje la kona, hivyo gari linajizungusha. Kijana alikuwa akicheka peke yake kwenye kiti cha abiria.

Dakika 20 baadaye, injini na kila kitu kimeshapata moto, kwenye dashibodi ukawaka ujumbe kwamba AYC inahitaji huduma. Nikarudi kwenye kipilefti kile kile kwa mwendo ule ule. Pua ikaenda nje. Nikapunguza mafuta ndipo ikaingia. Lilikuwa gari jingine kabisa.

Tukalipandisha kwenye jeki kwa fundi jirani. Mitambo yote miwili inapata presha ya oili kutoka kwenye pampu moja ya umeme, na kwenye Evo X pampu hiyo imefungwa chini, nyuma ya gurudumu la nyuma la kulia, mahali ambapo kila tone la maji na kila chembe ya mchanga kutoka kwenye tairi vinatua. Nilipitisha kidole kwenye ganda lake. Alumini ilikuwa imefanya unga mweupe kama chumvi ya mawe, na pembeni ya mota ganda lilikuwa limevimba. Nilipobonyeza kwa ukucha kipande kikamomonyoka. Gari limekaa karibu na bahari miaka yote, limepita kwenye madimbwi ya mvua za masika. Dar imeila ile pampu taratibu na mwenye gari hana kosa.

Pampu hii haiui gari. Ikifa, difu zinafunguka na gari linatembea, linakufikisha Dodoma bila shida. Lakini umenunua Evo kwa ajili ya ile kona ya kwanza, na bila pampu unabaki na ile ya pili. Na mpya haipatikani Gerezani kwa kuulizia. Inaagizwa nzima, na bei yake tuliyopewa na muuza spea ingemeza sehemu kubwa ya chenji ya kijana. Ya mtumba nayo imetoka kwenye gari la Japani lililotembea kwenye barabara zinazomwagiwa chumvi wakati wa theluji, kwa hiyo unanunua ugonjwa ule ule.

SST ndiyo iliyonipa wasiwasi mkubwa kuliko pampu. Mtaani ni tamu. Uwanjani, ukizunguka mizunguko mingi mfululizo kwenye joto, oili yake inapanda moto na gari lenyewe linakutaka upunguze mwendo. Hilo ni onyo, na onyo ni jambo jema. Ila oili yake ni ya aina yake peke yake, filta yake ni yake, na ikipata hitilafu ya ndani ya umeme au klachi, gari linaweza kukataa gia na kusimama. Nikajiuliza nani atalifungua Babati, usiku. Sikupata jibu, na hata mimi mwenyewe sina mashine ya kuifundisha klachi zake upya baada ya kuifungua.

Kuna jambo la haki kwa STI nililomwambia kwenye treni tukirudi. Pale Mbezi gari lilipumua hewa nzito ya usawa wa bahari. Dodoma tuko juu kama mita 1,100, hewa imepungua karibu moja ya nane. Injini ya turbo haiumii kama isiyo na turbo, kwa sababu turbo inazunguka zaidi kufidia, lakini ule msukumo wa chini kabla turbo haijaamka unapungua. Usilipime gari Dar ukalinganisha na lililopimwa Dodoma siku ya pili kisha ukasema lile la Dar lina nguvu. Kiwandani zote mbili ziliandikiwa farasi 280.

STI ya Area D tuliipima wiki iliyofuata. Mwenye gari ni mtumishi, amelimiliki miaka 4, analipenda, na kupenda kwake ndiko kulikoliumiza. Namba ya chesisi GDB, gia 6, gurudumu la difu ya kati lipo na linafanya kazi, breki za Brembo za kweli, namba ya injini inalingana na kadi. Hili la mwisho watu hulidharau. Subaru nyingi zimebadilishwa injini, na kadi ikibaki na namba ya zamani unanunua kesi.

Nilianza na kompresheni, yaani presha ambayo kila silinda inaweza kubana. Injini hii silinda zake zimelala, mbili kushoto mbili kulia, na kufikia plagi kunataka subira na vidole vyembamba. Geji ikanipa pauni 128, 130, 127 na 126. Hapa nataka fundi kijana anisikilize. Kitabu cha gari kinataka zaidi ya hapo, na nimeshuhudia injini nzima ikihukumiwa mbovu hapa Dodoma kwa sababu namba hazikufika za kitabu. Kitabu kimeandikwa kwa usawa wa bahari. Hewa yetu ikiwa pungufu kwa moja ya nane, geji nayo itasoma pungufu kwa kiasi hicho. Kinachokwambia habari ya injini ni silinda zinavyokaribiana. Hizi zilitofautiana kwa pauni 4. Injini nzima.

Na ni ile ya lita 2.0. Ya lita 2.5 ya masoko ya nje inajulikana kwa kupasua kingo za pistoni pale zinapokaa ringi, hasa petroli ikiwa dhaifu na turbo ikiongezewa presha. Ya Japani ni imara zaidi hapo, ingawa si kwamba haifi.

Kisha nikatoa bomba la kuingizia hewa. Mwenye gari, kwa kutaka sauti ile ya kuvuta pumzi, alikuwa ametoa boksi la filta la kiwanda na kufunga filta ya wazi, ile yenye umbo la koni. Dodoma! Nilimulika tochi kwenye mdomo wa turbo. Mapanga yake madogo, ambayo ncha zake zinatakiwa kuwa kali na sawa, yalikuwa yameliwa pembe kama jembe la msimu wa tatu. Nikapitisha kidole ndani ya bomba, kikatoka na utepe wa vumbi jekundu uliochanganyika na oili. Nikashika mhimili wa turbo kwa vidole viwili nikautikisa, ukacheza juu chini. Kijana akaniangalia usoni kama anayesubiri majibu ya hospitali.

Hivyo tulikuwa na magari mawili, yote mazuri, yote yameliwa na mji wake. Dar imekula pampu, Dodoma imekula turbo.

Nilisoma pia kompyuta ya STI. Magari haya yote mawili yalitengenezwa kunywa petroli ya Japani ya oktani 100 hivi, na petroli ya kawaida ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Petroli dhaifu kwenye injini ya turbo inalipuka kabla ya wakati wake, na mlipuko huo ni nyundo juu ya pistoni. Kompyuta ya STI ilikuwa imeusikia na kurudisha moto wa plagi nyuma ili kujilinda. Maana yake gari lilikuwa linatembea na nguvu pungufu siku zote na mwenyewe hajui, akadhani turbo ndiyo tu imechoka. Evo nayo ingekuwa vivyo hivyo. Atakayenunua mojawapo ya haya aandae fedha ya kupangiwa kompyuta upya kwa petroli ya kwetu, presha ya turbo ishuke kidogo, akubali kupoteza farasi kadhaa. Sioni njia nyingine ya uaminifu.

Sasa nikaweka karatasi mezani, nikaandika upande huu namna Evo hii inavyoweza kufa njiani, na upande ule STI.

Injini ya Evo X ina cheni, ya STI ina mkanda wa taimingi. Hapa Evo inashinda bila ubishi. Mkanda wa STI ukikatika, au bearingi moja ya puli zake ikigoma, valvu zinakutana na pistoni na injini imekwisha hapo hapo, hakuna onyo. Lakini huo ni msiba unaoweza kuukwepa kwa siku moja ya kazi: mkanda, kikaza mkanda, puli zote na pampu ya maji, unafunga vipya siku unayonunua na unaandika kilomita. Kiwanda kinasema kilomita 100,000. Kwa vumbi letu na uwanja mimi nasema 70,000.

Difu ya kati ya STI inaendeshwa kwa sumaku ya umeme, haina pampu wala oili ya presha. Ikiharibika, taa inawakawaka na gari linaendelea. Difu za mbele na nyuma ni za kimekanika, zinafanya kazi hata umeme ukizimika. Haizungushi gari kwenye kona kama AYC, hilo halina mjadala. Inakutaka wewe dereva ulipange gari mapema, uzito uende mbele, ndipo ukate.

Klachi ya STI ikichoka inaanza kuteleza wiki kadhaa kabla, na fundi yeyote anayeshusha giaboksi ya Subaru anaibadilisha. Forester na Impreza zimejaa nchi hii, na sensa nyingi, gaskiti, puli za mkanda na vitu vidogo vya injini vinaingiliana. Giaboksi ya gia 6 yenyewe haiingiliani, na Brembo haziingiliani. Hayo yakifa utatafuta kwa tabu. Tairi za STI ni 225/45 za rimu 17, za Evo ni 245/40 za rimu 18, na tofauti hiyo utaiona kwenye risiti kila mwaka, na kwenye mawe ya njia ya kwa mama. Zote mbili ziko chini, sentimita 14 au 15 kutoka ardhini, hivyo kile kifusi kitaendwa polepole kwa gari lolote.

Kilichobaki upande wa STI ni oili. Injini hii inapokimbizwa kwenye kona ndefu inaila, na oili ikikaa upande mmoja bomba linalofyonza linaweza kuvuta hewa. Injini iliyokosa oili sekunde chache uwanjani inaanza kunoki ukiwa njiani kurudi. Huo ndio ugonjwa nilioogopa kwa safari ya kilomita 700. Dawa yake ni tabia ya dereva: kijiti cha oili kila anapojaza mafuta, na kila anapotoka uwanjani, bila kuruka hata mara moja.

Nilimweleza yote mbele ya mkewe, nyumbani kwao, kwa sababu gari la familia haliamuliwi gereji. Shemeji akauliza moja kwa moja: "Hilo la gia za mkono mimi nitaliendeshaje watoto wakiugua?" Swali la haki, na lilikuwa hoja kubwa kuliko zote kwa upande wa Evo. Wakakubaliana IST ibaki ya kwake, haiuzwi. Bajeti ikapungua kwa kiasi ambacho IST ingeuzwa, na hapo Evo ikatoka mezani yenyewe: ilikuwa ghali kuliko STI kwa milioni 6, na pampu bado. Kama ile Evo ingekuwa ya gia 5 za mkono na pampu ni nzima, ningesema achukue Evo na tungetafuta fedha mahali pengine. Nilimwambia hivyo, na bado nasema hivyo.

Shemeji alikuwa na neno jingine, na naliandika kwa sababu ni langu pia. Alimtaka mumewe aahidi kwamba mbio zitabaki uwanjani. Nimekwenda kuvuta magari usiku kwenye barabara ya Morogoro, nimeokota viatu vya watu ambao hawakuvirudia. Vijiji vyetu viko barabarani, 50 ni 50, na faini ya 30,000 ukipigwa tochi ndiyo bei ndogo kuliko zote utakayolipa kwa kukimbia pale. Aliahidi, na nilimwambia siku nikisikia vinginevyo simshikii tena spana.

Tulionyesha mwenye STI picha za turbo, akashusha bei bila kinyongo. Turbo ilifunguliwa ikafungwa kiini kipya, boksi la filta la kiwanda likarudi, tukasafisha njia nzima ya hewa hadi kipoza hewa, mkanda wa taimingi na ndugu zake wote wakabadilishwa, kompyuta ikapangwa upya. Filta ya hewa tulikubaliana aitoe kila kilomita 2,500 wakati wa kiangazi, na siyo kuipuliza kwa kompresa na kuirudisha. Ikichafuka inakwenda jalalani.

Kwenye kiwanja cha vumbi gari lilikaa vizuri kuliko nilivyotarajia. Difu ya kati akiifunga zaidi kwa lile gurudumu dogo, linatoka kwenye kona likiwa limenyooka, na baada ya siku mbili aliacha kupigana nalo.

Kenya ndiko nilikoonekana nimekosea. Nilishughulikia kila kitu kinacholifanya gari liende, nikaacha kinacholisimamisha. Pedi na diski nilizitazama zilikuwa nene, nikaridhika. Oili ya breki sikuigusa. Mzunguko wa nne wa zamu yake ya tatu, mwisho wa mnyoofu, akakanyaga na kanyagio likazama laini hadi karibu na sakafu. Bahati njema palikuwa na nafasi ya kutoka nje. Oili ya breki inanyonya unyevu wa hewa mwaka hadi mwaka. DOT 4 ikiwa mpya haichemki chini ya nyuzi 230, ikishakunywa maji kiwango kinachoruhusiwa kinashuka hadi 155, na Brembo zikibanwa kabla ya kona kali zinafika huko upesi. Ikichemka inakuwa mvuke, na mvuke hausukumi pistoni ya breki. Alinipigia kutoka uwanjani, sauti ikiwa imebadilika. Nilimwambia aache kukimbia siku ile, asubiri breki zipoe kabisa, atafute fundi atoe oili yote magurudumu manne na kuweka mpya, kisha ajaribu ndani ya uwanja kwa mwendo wa mguu kabla ya kutoka getini. Alifanya hivyo. Tangu hapo kila gari linalokwenda uwanjani kupitia kwangu linabadilishwa oili ya breki kabla sijagusa kingine chochote, na halilipii kazi hiyo.

Aliondoka Nairobi kesho yake alfajiri, akapita Namanga, Arusha, Babati. Mimi nilishinda na simu mfukoni. Saa mbili usiku ikaita, yuko kwa mama, Kondoa, gari limesimama chini ya mwembe. "Kaka, nimefika. Breki ziko sawa. Oili imeshuka nusu ya alama." Nikamwambia asiongeze usiku ule. Asubuhi, injini ikiwa baridi, alisogeze mahali pa tambarare, apime tena, aweke robo lita, apime.